Jibu langu kuhusu udi, wali mpya na wahenga wa ukweni

Shikamooni wakubwa zangu wa Machame, na wadogo zangu nawasalimu nyote.

Picha niliyowatumia, inayonionyesha nimesimama mbele ya meza yenye picha za marehemu huku nimeshika vijiti vya udi, imezua maswali ambayo Shangazi amenifikishia kwa niaba yenu: je, nimeacha kanisa, je, nalazimishwa na wakwe, na je, ukoo huu wa Vietnam nilioolewa unaabudu mizimu? Kanisa sijaliacha, na hakuna anayenilazimisha. Swali la tatu siwezi kulijibu kwa ndiyo au hapana bila kuwadanganya, kwa hiyo naomba mnivumilie nieleze.

Siku ile ilikuwa sikukuu ya wali mpya. Huku Nam Định, katika tambarare ya Mto Mwekundu kusini mwa Hanoi, huadhimishwa tarehe 10 ya mwezi wa 10 kwa kalenda ya mwandamo wa mwezi, ambayo kwa kawaida huangukia Novemba. Mpunga huvunwa mara mbili kwa mwaka, mara ya kwanza kati ya Mei na Juni, na mara ya pili kabla ya baridi kuingia. Eneo la Hải Hậu lina mchele mwembamba uitwao tám, wenye harufu nzuri kiasi kwamba ukiinjika sufuria jirani wanajua. Nyumbani kwa wakwe zangu mchele wa mavuno hayo ukishakobolewa hauonjwi na mtu yeyote, hata mtoto mdogo, mpaka wali wa kwanza uwe umepakuliwa kwa ajili ya waliotangulia.

Mama mkwe hupanga sinia la duara lenye kuku mzima wa kuchemsha, wali wa mchele wa kunata, bakuli la mchuzi, mboga, vikombe vidogo vya pombe ya mchele, maji safi, na tambuu pamoja na popoo, vile vile wanavyotafuna wazee wa Tanga na Unguja. Mabakuli na vijiti vya kulia huwekwa kana kwamba watu wanakuja kuketi. Baba mkwe huvaa shati safi, huwasha vijiti vitatu vya udi, kisha huanza kusema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na mgeni aliye mbele yake. Hutaja kijiji na tarehe, huwaita marehemu kwa majina kuanzia wa zamani, huwaeleza mpunga ulivyotoka, upepo ulilaza shamba lipi, nani ameoa na nani amefaulu mtihani, kisha huwakaribisha wale kwanza. Hapo sisi sote husubiri udi uteketee, na watoto husubiri kwa shida kweli, kwa maana harufu ya kuku imejaa nyumba nzima. Udi ukiisha sinia hushushwa, mkeka hutandikwa, na chakula kile kile huliwa na walio hai.

Nilichokiona pale, ndugu zangu, ni shukrani yenye anwani. Sisi siku ya mavuno hupeleka ndizi, mahindi na kuku kanisani, mchungaji akaviombea, kisha mnada ukafuata nje baada ya ibada, na shukrani yote ikaenda kwa Mungu mtoa mvua. Baba mkwe naye humshukuru mtu aliyechimba mfereji ule, aliyejenga tuta lile, na aliyezuia shamba lisiuzwe wakati wa njaa.

Neno njaa hapa lina uzito wake. Kati ya mwaka 1944 na 1945, wakati Wajapani wameikalia nchi na Wafaransa wakiitawala chini yao mpaka Machi 1945, mchele ulichukuliwa kwa nguvu, wakulima walilazimishwa kupanda juti mahali pa chakula, mafuriko yakaja juu yake, na watu wa mikoa hii ya kaskazini wakafa barabarani. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana sana, kuanzia laki kadhaa hadi milioni mbili. Bibi mzaa babu wa mume wangu alikufa katika njaa ile pamoja na watoto wake wawili, na kaburi lao halijulikani. Baba mkwe anapofika kwenye majina yao, huwaita watoto kwa majina ya utotoni, kwa sababu hawakufikia umri wa kuitwa vingine. Anayempakulia mama yule bakuli la wali mpya kabla hajala yeye anajua anachokifanya, na sikuona sababu ya kusimama nje ya mlango wakati huo.

Ukutani, juu ya meza hiyo hiyo, kuna cheti cha serikali cha kutambua mchango wa kaka yake baba mkwe, aliyeuawa vitani huko Quảng Trị, katikati ya nchi, mwaka 1972. Mwili wake haukupatikana, kama miili ya maelfu kwa maelfu ya askari wengine ambao familia zao zinawatafuta mpaka leo. Kwa kuwa siku ya kifo haijulikani, kumbukumbu yake hufanywa katika siku aliyoondoka nyumbani.

Sasa nirudi kwenye imani, maana najua hapo ndipo Shangazi anapoumia. Sitawaficha kwamba katika maneno ya baba mkwe huitwa pia mlinzi wa ardhi ya nyumba, na kwamba ndugu wengine huwaomba marehemu biashara, watoto wa kiume, hata namba za bahati nasibu. Hayo mimi siyasemi wala siyaitikii. Mimi nashika udi, nainamisha kichwa, namshukuru Mungu kwa maisha ya watu hao na kwa chakula, basi. Wakwe zangu wanalijua hilo tangu mwanzo, na hawajawahi kunitaka zaidi.

Mjue pia kwamba Wakristo wa huku wenyewe hawakubaliani. Katika karne ya 18 Roma ilikataza waumini wa sehemu hizi za Asia kushiriki heshima za namna hii kwa wafu, katazo lililoleta machungu makubwa ndani ya familia. Mwaka 1939 lililegezwa kwa Wachina, na mwaka 1964 ruhusa hiyo ikafikishwa kwa Wakatoliki wa Vietnam. Leo jirani zetu Wakatoliki, ambao ni wengi mkoani hapa, wana meza ya wahenga chini ya msalaba, na siku ya pili ya mwaka mpya wa Tết misa huwa ni ya kuwaombea wazazi na mababu. Waprotestanti walio wengi, kinyume chake, hawagusi udi kabisa, bali hufanya sala ya kumbukumbu na kula pamoja. Mimi Mlutheri nimechagua njia ambayo wachungaji wengine wangeikataa, nami naibeba hadharani mbele yenu.

Kuna desturi nyingine iliyonigusa zaidi ya sinia. Kaskazini huku maiti huzikwa mara mbili: baada ya miaka mitatu hivi kaburi hufunguliwa usiku au alfajiri, mifupa hutolewa na wana wa marehemu, huoshwa kwa maji yenye manukato, hupangwa kwa utaratibu wa mwili katika jeneza dogo la udongo wa kuchoma, na kuzikwa tena mahali pa kudumu. Nilisimama pembeni wakati wa kumhamisha babu wa mume wangu, na kilichonikaa moyoni ni jinsi shangazi wa ukoo alivyokuwa akiyafuta maungio ya vidole kimoja kimoja kwa kitambaa, bila haraka, akimweleza mzee anachofanya. Mkistaajabu, waulizeni wazee wetu waliobaki. Uchagani zamani, kabla misheni haijashika, fuvu la mzee lilifukuliwa na kuhifadhiwa mgombani penye masale, mmea wetu wa heshima, na mpaka leo tunazika kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, ili wafu wasiwe mbali na migomba yao. Na kila Desemba, mnapoona magari yote ya Dar es Salaam yanapanda Moshi, nakumbuka Tết, ambapo viwanda hufungwa na nchi nzima husafiri kurudi kwenye makaburi na kwa wazazi.

Lakini msidhani nawapambia. Mume wangu ni mwana wa kwanza, na mke wa mwana wa kwanza ndiye mwenye jiko la wafu. Kila marehemu ana siku yake ya kumbukumbu kila mwaka, na kila siku hiyo ina sinia na wageni. Juu yake kuna mwezi mwandamo na mwezi mpevu wa kila mwezi, kusafisha makaburi mwanzoni mwa Aprili, na mwezi wa 7 wa roho zisizo na kwao. Kwa Tết tunafunga vifurushi vya mchele wa kunata, choroko na nyama ya nguruwe kwenye majani, na sufuria yake hukaa motoni saa kumi au zaidi. Wanaume husema na wahenga. Wanawake ndio wanaochinja, kumenya na kuosha vyombo, na wengi wa rika langu wanalalamika waziwazi, nami nalalamika pamoja nao. Fedha nyingi pia huteketea katika kununua pesa bandia, nguo na hata magari ya karatasi ya kuchomea marehemu, jambo ambalo sijalikubali na ambalo mume wangu ameanza kulipunguza. Tena meza ile ni ya ukoo wa mume tu. Wafu wa upande wa mwanamke hawana nafasi juu yake, hata kama yeye ndiye anayepika mwaka mzima. Hilo limeniuma, na nimelisema.

Kwa sababu nimelisema, mama mkwe amekuja na pendekezo ambalo linahitaji ridhaa yenu. Angependa picha ya marehemu Baba iwekwe kwenye rafu yake peke yake, chumba cha pili, na siku ya kufariki kwake apikiwe wali na kuku, nami niongoze sala kwa Kiswahili kama tunavyofanya nyumbani, bila maneno ya baba mkwe wala karatasi za kuchoma. Kuhusu udi siku hiyo, nitafuata mtakavyosema. Mama, Shangazi na Baba Mkubwa, naomba mkae mlizungumze, na mkiona haifai mniambie nami nitawaeleza wakwe. Mkiridhia, nitumieni ile picha aliyopigwa kihambani akiwa na koti lake la kijivu, kwa sababu niliyo nayo mimi imechakaa.