Umri wa Kumhasi Mbwa Mkubwa, Chakula Chake na Tabia Yake: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi

Ninyi mnaoanza kazi katika zahanati za mifugo na katika mabanda ya mbwa wa ulinzi mtaulizwa swali hili mara nyingi kuliko jingine lolote: mbwa huyu ahasiwe lini? Jibu lililozoeleka ni miezi sita, na kwa mbwa wetu wa kienyeji, ambao wengi hawafiki kilo 20, jibu hilo halina madhara makubwa kwa viungo. Kwa mbwa atakayefikisha kilo 35 au 40, kama German Shepherd au Rottweiler, na machotara wao waliojaa katika nyumba za Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, jibu hilo linaweza kumgharimu magoti na nyonga zake kwa maisha yake yote. Ndiyo maana ninawaomba msilitoe kabla ya kumpima mbwa uzito, kuwaangalia wazazi wake ikiwezekana, na kujua anakula nini.

Mfupa mrefu wa mbwa hukua kupitia tabaka la gegedu lililo karibu na kila ncha yake, na homoni za uzazi zina sehemu kubwa katika kulifanya tabaka hilo ligeuke kuwa mfupa mgumu na ukuaji usimame. Tukiondoa korodani au ovari kabla ya hapo, tabaka hukawia kufunga na mguu huendelea kurefuka. Mifupa yote haifungi kwa wakati mmoja, kwa hiyo ule ambao ulikuwa bado wazi siku ya upasuaji hurefuka kuliko ule uliokwisha kufunga, na pembe za goti na nyonga hubadilika kidogo. Mbwa mdogo huweza kuishi na badiliko hilo bila shida, ilhali kwa mbwa mzito kila hatua huiongezea mzigo ligamenti ya ndani ya goti, yaani ukano unaoishikanisha mifupa yake, na siku moja ligamenti hiyo hukatika akiwa anakimbia tu uani.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakiongozwa na Benjamin Hart na Lynette Hart, walipitia kumbukumbu za hospitali yao ya wanyama na mwaka 2016 wakatoa matokeo kuhusu mbwa wa German Shepherd zaidi ya 1,000. Kati ya madume ambao hawakuhasiwa, asilimia 7 walipata angalau ugonjwa mmoja wa viungo, na kati ya waliohasiwa kabla ya kutimiza mwaka, asilimia 21. Mwaka 2020 kundi hilohilo lilichapisha matokeo ya aina 35 za mbwa, na hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba kanuni moja haitoshi. Kwa German Shepherd wa jinsia zote mbili, walishauri kusubiri hadi apite miaka miwili. Great Dane, pamoja na ukubwa wake, hakuonyesha ongezeko kama hilo, ingawa hata kwake walishauri apite mwaka kwanza. Kwa machotara wenye zaidi ya kilo 20, hatari iliongezeka walipohasiwa kabla ya mwaka mmoja. Kwa hiyo mnapoletewa chotara wa miezi mitano mwenye miguu minene na wazazi wakubwa, mhesabuni kuwa mbwa mkubwa hata kama leo anabebeka mkononi.

Jike anahitaji mizani ya peke yake, kwa sababu kuchelewesha nako kuna bei. Jike asiyefungwa kizazi anaweza kupata usaha katika mfuko wa uzazi, ugonjwa unaoua kwa haraka asipofanyiwa upasuaji, na kila joto, yaani kipindi cha kutaka dume, linalopita huongeza uwezekano wa uvimbe wa matiti. Mahali ambapo uzio ni mbovu na mbwa wa mtaani wanaingia, atapata mimba isiyotakiwa, au ataambukizwa saratani ya sehemu za siri inayoenezwa kwa kupandana, ambayo tunaiona sana huku kwetu. Mimi humshauri mwenye jike mkubwa asubiri ikiwa tu ana ukuta mzima na mtu wa kumwangalia kwa wiki tatu za joto. Asiye na hivyo ni afadhali amfunge kizazi mapema, kisha azitunze nyonga zake kwa chakula.

Chakula kina nguvu kubwa kuliko wenye mbwa wengi wanavyodhani, na mara nyingi hukosewa kwa nia njema. Mtu ananunua mtoto wa German Shepherd kwa pesa nyingi, anataka awe mkubwa upesi, anamjazia bakuli asubuhi, mchana na jioni, kisha anaongeza unga wa mifupa kwa sababu aliyemuuzia alimwambia utaimarisha miguu. Mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita hana uwezo kamili wa kuizuia kalsiamu iliyozidi isiingie mwilini. Majaribio yaliyofanyika Utrecht, Uholanzi, kwa watoto wa Great Dane yalionyesha kwamba kalsiamu nyingi huvuruga kugeuka kwa gegedu kuwa mfupa na umbo la mifupa. Ikiwa anakula chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa wakubwa, hahitaji unga wa aina yoyote juu yake. Viwango vya Marekani vinakiwekea chakula hicho kikomo cha kalsiamu cha asilimia 1.8 ya chakula kikavu, na kijiko kimoja cha unga wa mifupa kinaweza kukivuka kikomo hicho kirahisi.

Upande wa pili ni yule anayelishwa nyama tupu, au ugali na mapupu ya ng'ombe. Nyama na viungo vya ndani vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mwili wa mtoto wa mbwa ukikosa kalsiamu huichota kutoka katika mifupa yake wenyewe, hadi mguu uvunjike kwa kuruka kutoka kwenye kiti. Dagaa wakavu wanaoliwa wazima na mifupa yao husaidia kuliziba pengo hilo, mradi wameoshwa mchanga na chumvi, lakini ugali wa pumba na dagaa kiganja kimoja haujengi mbwa wa kilo 40. Mwambieni mwenye mbwa ukweli huu kabla hajanunua, kwa kuwa kumlisha mbwa mkubwa vizuri katika mwaka wake wa kwanza ni gharama ya kudumu.

Baada ya kuhasiwa, mahitaji ya nguvu mwilini hupungua na hamu ya kula huongezeka. Mbwa akiendelea kupewa bakuli lilelile atanenepa ndani ya miezi michache. Punguzeni chakula kwa takriban robo tangu anaporudi nyumbani, mpimeni uzito kila mwezi, na mzoee kupapasa mbavu: ziguswe kwa urahisi chini ya ngozi bila kubonyeza. Katika utafiti mashuhuri wa mbwa 48 wa aina ya Labrador, waliofuatiliwa maisha yao yote, wale waliopewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao wa tumbo moja waliishi kwa wastani karibu miaka miwili zaidi, na kulika kwa viungo vyao kulianza baadaye sana. Sijui dawa ya viungo inayoweza kushindana na matokeo hayo.

Sasa tabia. Wengi wanaoomba dume ahasiwe wanataka apunguze ukali, na hapa ni lazima mseme wazi. Kuhasi hupunguza sana kutoroka kutafuta majike, na mara nyingi hupunguza kupanda vitu na kukojolea kila kona. Ukali unaotokana na woga haupunguzi, na kwa mbwa wengine woga huongezeka. Mbwa wa ulinzi aliyefungiwa bandani tangu akiwa mtoto, asiyewahi kuona wageni, watoto wala pikipiki, hatatulizwa na kisu.

Kabla ya kuzungumza juu ya tabia, chunguzeni viungo. Niliwahi kuletewa German Shepherd dume aliyeanza kuwafokea watoto wa nyumbani waliomlea, na mwenyewe alikuja akiwa ameshaamua kwamba ahasiwe. Mbwa huyo alikuwa mnene, aliinuka kwa kutegemea miguu ya mbele, na alipokimbia miguu ya nyuma iliruka pamoja kama ya sungura. Picha ya eksirei ilionyesha nyonga zilizolika. Watoto walikuwa wakimwegemea kiunoni, naye alikuwa akiwaambia kwamba anaumia. Alipunguzwa uzito, akapewa dawa ya maumivu ya mbwa, watoto wakafundishwa kutomkalia, na zile hasira zikapungua akiwa na korodani zake.

Katika kesi kama hiyo ulizeni pia ni dawa gani ameshapewa nyumbani. Dawa za maumivu za binadamu kama ibuprofen na diclofenac hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo, na wengi huzitoa kwa huruma siku kadhaa kabla ya kuja kwenu. Mbwa aliyekwisha kunywa dawa hizo asipewe nyingine ya kundi hilo siku hiyohiyo, wala asipelekwe kwenye meza ya upasuaji kabla figo zake hazijapimwa.