Ukumbi Ukivuma, Usikimbilie Kununua Spika Nyingine

Kumbi nyingi za makanisa, shule na harusi hapa Uganda zimejengwa kwa namna moja: matofali yaliyopigwa plasta, sakafu ya saruji, mabati juu, dari hakuna. Mhubiri akisema "ndugu zangu", walioketi nyuma wanapata mngurumo usio na konsonanti. Fundi anaongeza sauti, mambo yanazidi kuharibika, kisha kamati inaanza kuchangisha fedha za spika kubwa zaidi. Fedha hizo zitapotea bure. Ugonjwa uko kwenye kuta, na spika yenye nguvu zaidi huzipa kuta kelele nyingi zaidi za kurudisha.

Sauti ikigonga ukuta mgumu hurudi kama mpira: pembe iliyoingia nayo ndiyo pembe inayotokea nayo. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 25, sauti husafiri kama mita 346 kwa sekunde. Chukua ukumbi wa mita 20 kwa 10, wenye kimo cha mita 4. Aliyeketi safu ya mbele, karibu na spika, husikia neno mara moja, halafu husikia neno lilelile likitoka ukuta wa nyuma baada ya kutembea mita 40 kwenda na kurudi, yaani sekunde 0.12 baadaye. Maneno yakifuatana kwa chini ya sekunde 0.05 hivi, sikio huyaunganisha yakawa moja. Yakizidi hapo, ni mwangwi. Kwa hiyo ukuta wa nyuma ndio wa kutibiwa kwanza, hata kama wapambaji wanapenda kuanzia madhabahuni.

Mwangwi mmoja una nafuu. Kibaya zaidi ni mvumo, pale sauti inaporuka kuta zote mara nyingi hadi silabi moja inaifunika inayofuata. Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard aliupatia mvumo hesabu mwishoni mwa miaka ya 1890, akihamisha mito ya viti usiku kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine na kupima sauti inachukua muda gani kufa. Hesabu yake bado inafaa: zidisha ujazo wa ukumbi kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya unyonyaji wa sauti, upate sekunde za mvumo.

Ukumbi wetu una ujazo wa mita za ujazo 800. Kuta, sakafu na paa ni mita za mraba 640, nazo hunyonya takriban asilimia 3 tu ya sauti inayozigonga: jumla 19. Dirisha lililo wazi halirudishi kitu, basi madirisha ya mita za mraba 12 yanaongeza 12. Mvumo unakuwa sekunde 4. Mtu mmoja aliyeketi hunyonya kama dirisha wazi la mita za mraba 0.45. Wakija watu 150, mvumo unashuka hadi sekunde 1.3, na maneno yanasikika. Wakija 50, unabaki 2.4, na maneno yanapotea. Hii ndiyo sababu ukumbi uleule unasifiwa Jumapili na kulaaniwa kwenye mkutano wa Jumatano.

Ili hao 50 wasikilizane vizuri, lenga sekunde 1.2. Hapo unahitaji unyonyaji wa 54 zaidi. Kwa vibao vinavyonyonya asilimia 80, ni mita za mraba 68, yaani vibao 94 vya sentimita 60 kwa 120. Ni vingi, tunajua. Ndiyo maana vipande vitatu vya kapeti ukutani havijawahi kuokoa ukumbi wowote.

Kibao chenyewe ni fremu ya mbao yenye kina cha sentimita 5. Ndani weka pamba ya mawe, ile ya kuzuia joto kwenye mabomba na paa za viwanda. Vaa glavu na barakoa unapoikata. Funika kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Olubugo, kitambaa cha gome la mutuba, hupendeza sana kwa kazi hii, lakini kijaribu kwanza: weka mdomoni upulize. Pumzi ikipita, na sauti itapita. Usikipake rangi, maana rangi huziba matundu na kibao kinageuka ukuta. Kitundike kikiwa sentimita 5 mbali na plasta. Pengo hilo ni la bure na linafanya kazi kubwa, kwa kuwa hewa haitikisiki sana pale ukutani penyewe. Hutikisika zaidi mbele kidogo.

Trei za mayai acha. Ni nyembamba, hazigusi besi hata kidogo, na karatasi yake inashika moto upesi. Sponji ya godoro iliyoachwa wazi ni hatari zaidi: inawaka haraka na moshi wake una sumu. Usiiweke kamwe mahali penye watu, nyaya na mishumaa.

Kujua kibao kikae wapi kwenye kuta za pembeni, mwambie mtu atembeze kioo ukutani huku wewe umeketi kitini. Pale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapoakisiwa kuja kwako. Weka kibao hapo. Mbinu hii haifai kwa besi. Wimbi la mitikisiko 1000 kwa sekunde lina urefu wa sentimita 35, la 100, yaani la besi, lina mita 3.5, nalo huzunguka nguzo na kibao kana kwamba havipo.

Spika ziinue hadi mita 2.5 au 3, uziinamishe zitazame watu, zisitazame ukuta. Ukiongeza spika katikati ya ukumbi, mita 12 kutoka zile za mbele, iwekee dilei, yaani icheleweshe sauti yake, ya milisekunde 50: 35 za safari, na 15 za ziada ili sikio liendelee kuamini kwamba sauti inatoka kwa msemaji. Kama mikisa yako, mashine ya kuchanganyia sauti, haina dilei, usiongeze spika hiyo.

Nje ya ukumbi kuna jambo jingine: sauti hupinda. Katika hewa ya nyuzi 30 hukimbia mita 349 kwa sekunde, katika nyuzi 20 mita 343. Fikiria watu wawili wamebeba boriti ndefu bega kwa bega, mmoja akaingia kwenye tope: boriti inageukia upande wa aliyechelewa. Saa nane mchana uwanja umepata moto, hewa ya chini ndiyo yenye kasi, basi sauti inapinda kwenda juu na walio nyuma wanaona midomo tu. Dawa ni kuweka spika nyingine katikati ya umati, kwa dilei.

Upepo nao hupinda sauti, kwa sababu huvuma kwa nguvu zaidi juu kuliko chini. Upepo ukivuma kutoka jukwaani kwenda kwa watu, huirudisha sauti chini kwao. Kwenye ufuko wa Entebbe mchana upepo hutoka ziwani, basi jukwaa lipe ziwa mgongo.

Usiku ni kinyume. Hewa baridi hutuama kwenye mabonde ya Kampala, iliyo juu yake ina joto zaidi, na sauti inainamishwa chini hadi kilima cha pili, kwa watu waliolala. Kipimo ulichoweka mchana hakifai tena. Jua likizama, vuka bonde usikilize mwenyewe, kisha rudi upunguze, ukianza na besi.