Sadaka ya Marehemu kwa Vijana Wanaotafiti Maradhi ya Tumbo: Yafaa? Na Zaka Je?

SWALI:

Assalaam alaykum, shehe wetu. Mama yetu alifariki mwaka jana hapa Tanga kwa saratani ya umio. Miezi ya mwisho hata maji yalikuwa hayapiti. Nyumba yake imeuzwa, na sisi watoto tunataka kumtolea sadaka yenye kuendelea. Dada yangu anasema tuchimbe kisima. Mimi naona tuwasaidie vijana wawili wanaosomea shahada ya uzamili, wanaotafiti maradhi haya ya njia ya chakula na wamekwama kwa ukosefu wa pesa. Mmoja wao si Muislamu. Je, hiyo ni sadaka jariya? Naweza kuwapa na zaka ya duka langu? Na wasipogundua kitu, tumepata nini?

JIBU:

Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yenu. Mtume (s.a.w.) amemtaja aliyekufa kwa maradhi ya tumbo miongoni mwa mashahidi, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim. Wanavyuoni wamehitilafiana ni maradhi gani hasa yanayokusudiwa, na wako walioyachukua yote ya tumbo kwa ujumla. Tunamtarajia mama yenu awe miongoni mwao.

Kabla sijafika kwenye swali lako, hizo pesa za nyumba ni za nani? Nakuuliza kwa sababu hapa ndipo familia nyingi zinapoteleza. Mama akishafariki, mali huwa ya warithi baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia usiozidi thuluthi. Basi gaweni mirathi kwanza, kisha kila mtu mzima atoe katika fungu lake kwa ridhaa yake. Kama yumo mrithi ambaye hajabaleghe, fungu lake haliguswi hata kwa kheri kubwa namna gani. Na mrithi asiyetaka kutoa asinuniwe.

Hilo likishakaa sawa, sadaka yako inafaa bila shaka. Mtume (s.a.w.) amesema kuwa mwanadamu akifa amali yake hukatika ila kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Wewe unajaribu kumkusanyia mama yote matatu kwa mpigo mmoja, na sioni wa kukulaumu. Imamu Ghazali ameihesabu elimu ya tiba kuwa faradhi ya kifaya: wasipopatikana wa kuisimamia, umma mzima unapata dhambi. Na anayewezesha faradhi isimame ana fungu lake ndani yake.

Wala si jambo jipya. Mjini Damascus, katika karne ya 13, tabibu mkuu al-Dakhwar aliifanya nyumba yake kuwa wakfu, iwe madrasa ya kufundishia tiba, na akaiwekea mashamba ambayo mapato yake yawalipe mwalimu na wanafunzi. Mwanafunzi wake mashuhuri, Ibn al-Nafis, alipofariki Cairo mwaka 1288 aliiachia hospitali ya Mansuri nyumba yake na vitabu vyake. Watu hao walijua kuwa mgonjwa wa kesho hutibiwa na mwanafunzi wa leo.

Na haja ipo. Saratani iliyomchukua mama yenu imeenea kupita kawaida katika ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya na hapa kwetu hadi Malawi. Kule Bomet, Kenya, hospitali zinapokea wagonjwa ambao hata miaka 30 hawajatimiza. Sababu zake zote bado hazijafahamika. (Vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 vimeshatiliwa shaka na wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani tangu 2016, na sisi watu wa chai inayotoka jikoni ikifuka tusikie.)

Ama zaka, hapo nakuomba upunguze mwendo. Zaka ina watu wanane waliotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, na utafiti si mmoja wao. Wapo wanavyuoni wa zama hizi waliolipanua fungu la “katika njia ya Mwenyezi Mungu” likaingiza kila jambo la maslahi, lakini jumhuri ya wanavyuoni wa madhehebu, yaani wengi wao, haikwenda huko, nami sitoi fatwa hiyo. Mlango uliopo ni wa ufakiri. Imamu Nawawi amesema katika kitabu chake al-Majmu' kwamba mwenye uwezo wa kuchuma, lakini akishika kazi masomo yake ya sheria yatakatika, anahalalika kupewa zaka. Wapo waliokuja kuifuatisha hukumu hiyo kwa elimu nyingine zilizo faradhi ya kifaya, na mimi naliona lina nguvu. Kwa hiyo yule kijana Muislamu, kama kweli hana cha kumtosha, mpe zaka mkononi mwake iwe mali yake: ale, alipe kodi ya chumba na ada. Usimwekee sharti la kununulia vifaa vya maabara, na usiipeleke zaka kwenye mashine. Akiwa ana ufadhili unaomtosha, basi hana haki ndani yake.

Yule asiyekuwa Muislamu, zaka hapewi kwa kauli ya jumhuri. Sadaka ya kawaida anapewa, tena bila kusitasita. Qur'ani haikutukataza kuwafanyia wema wasiotupiga vita katika dini (60:8). Atakayepona kwa elimu yake hataulizwa dini.

Kuhusu wasipogundua kitu: Bukhari na Muslim wamepokea habari za mtu aliyetoa sadaka usiku, ikaangukia mikononi mwa mwizi, kisha ya malaya, kisha ya tajiri, na juu ya hayo akapewa habari njema. Malipo yako yamefungwa na nia. Tena mtafiti akithibitisha kuwa njia fulani haifiki, amewaokoa wa nyuma yake wasiipite. Vidonda vya tumbo kwa miaka mingi vilihesabiwa kuwa ni vya mawazo na asidi, mpaka Barry Marshall, daktari kijana aliyekuwa bado mafunzoni Australia, aliposhirikiana na Robin Warren miaka ya 1980 kuonesha kuwa vingi vinatokana na bakteria. Wakubwa wa fani walimkatalia. Mwaka 2005 wawili hao wakapewa tuzo ya Nobel, na leo mgonjwa anameza dawa wiki moja au mbili akapona.

Pesa za sadaka zipitisheni ofisi ya fedha ya chuo kwa maandishi, mpate stakabadhi, na msimamizi wa vijana hao ajue. Mkiweza, nunueni kibanda cha biashara mkiweke wakfu, kodi yake iwe ya mwanafunzi mmoja kila mwaka, kama Mtume (s.a.w.) alivyomwelekeza Sayyidna Umar katika shamba lake la Khaybar: azuie asili, atoe matunda. Na dada yako mwache achimbe kisima chake kwa fungu lake. Hamkulazimishwa kutoa mahali pamoja.

Wallahu a'lam.