Tiketi ingoje kwanza

Mwanangu Asha,

Marahaba. Umeuliza kama mkate sasa tiketi za watu wanne kwenda kupima mikoko ya Mahajanga, Madagaska, maana bei imeshuka. Msikate. Tarehe inapangwa na kibali na maji ya bahari.

Anzeni na mwenyeji, yaani chuo au mtafiti wa kule. Andikianeni mapema: data ni ya nani, sampuli zitabaki wapi, majina ya nani yataingia kwenye makala. Tengeni miezi sita kwa vibali. Kama mtarudi na majani au udongo, ulizeni kibali cha kuvitoa kule na cha kuviingiza hapa, ambacho ni cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu ya Tanzania. Wengi hushughulikia kile cha kule tu, sampuli zikazuiwa uwanja wa ndege hapa Dar.

Vimbunga kule ni Novemba hadi Aprili, kwa hiyo lengeni Juni hadi Septemba. Ndani ya miezi hiyo, fungua jedwali la maji kupwa na kujaa la Mahajanga kabla ya kuandika ratiba. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Hapo maji hutoka mbali, basi siku hizo zipeni ploti (vipande vya msitu mtakavyopima) za upande wa bahari, na za upande wa nchi kavu ziachieni maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana. Pimeni kuanzia saa mbili hivi kabla ya maji kupwa kabisa, na yakianza kujaa muwe mnafunga kamba. Boti mkiiacha kwenye kijito chembamba itakaa juu ya tope, nanyi mtangoja maji yarudi. Kupwa nako huchelewa kama dakika 50 kila siku, hivyo ratiba ya "kila siku saa tatu asubuhi" haifanyi kazi. Kwenye tope la magotini, ploti mbili kwa siku zinatosha. Bajeti yako ina tano, punguza.

Pawabanki ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, chini ya kikomo cha 100: ibebeni mkononi, kamwe si kwenye begi la chini ya ndege. Soketi za kule ni za pini mbili za duara, chukueni adapta. Chanjo ya homa ya manjano ipigwe angalau siku 10 kabla ya safari. Mwenye kadi ya zamani hahitaji kuchanjwa tena. Bima hakikisheni inalipia kumsafirisha mgonjwa kwa ndege.

Nitumie bajeti mpya kabla hujampelekea profesa wako, pamoja na jina la mwenyeji mkishampata.

Mama
Dar es Salaam