Barua za Kesi za Vitabu: Za Nini Kuzitunza?

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu kaka yangu aliendesha duka la vitabu hapa Mikindani, na ameacha sanduku la ankara, orodha za vitabu na barua, zikiwamo mbili ambazo msambazaji anamweleza kuwa kitabu alichoagiza kimezuiliwa. Wanangu wanataka tuzichome, wakisema hakuna faida ya kutunza habari za vitabu vichafu. Nasikia Ulaya vyuo vikuu hutunza karatasi za namna hiyo. Je, ni kweli?
Mwalimu mstaafu, Mikindani, Mtwara

JIBU: Shikamoo Mwalimu, na pole kwa msiba. Ni kweli, na tunakusihi usizichome.

Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, kinatunza nyaraka za kampuni ya uchapishaji vitabu ya Penguin pamoja na karatasi za wakili wake, Michael Rubinstein, za kesi ya mwaka 1960, kampuni hiyo iliposhtakiwa kwa kuchapisha bila kupunguza neno riwaya ya D. H. Lawrence, Lady Chatterley's Lover. Tangu kesi ya Hicklin ya mwaka 1868, mahakama za huko ziliuliza kama maandishi yanaelekea kumpotosha msomaji dhaifu, na aya chache zilitosha kukitia kitabu hatiani. Sheria ya machapisho machafu ya mwaka 1959 ilitaka kitabu kipimwe chote kwa ujumla wake, ikaruhusu pia wataalamu waitwe kueleza manufaa yake kwa umma. Kwa hiyo Rubinstein aliwaandikia waandishi, wahadhiri na viongozi wa dini, akiwaomba watoe ushahidi. Mashahidi 35 walisimama kuitetea Penguin, na tarehe 2 Novemba 1960 jopo la raia 12 likaiona haina hatia.

Hukumu ingetuambia hayo tu. Barua ndizo zinazotuambia nani alikubali, nani alisita, na nani, kama Enid Blyton, mwandishi wa vitabu vya watoto, alikataa kutoa ushahidi. Mwaka 2019 chuo hicho kilipata hata nakala ya riwaya hiyo aliyoitumia jaji, ambayo mkewe aliiwekea alama kwenye kurasa zenye mambo ya faragha, akaandika orodha ya kurasa hizo kwenye karatasi yenye nembo ya mahakama na kuishonea nakala hiyo mfuko wa kitambaa. Kwa mtafiti, orodha ile ina thamani kubwa, kwa kuwa inaonyesha jinsi kitabu kilivyosomwa na watu waliokuwa karibu kabisa na uamuzi.

Na kama wanao wanahofia sheria, kifungu cha 175 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kinagusa kutengeneza, kuuza, kusambaza na kuonyesha hadharani machapisho machafu. Barua inayosema kitabu kimezuiliwa si kitabu chenyewe.

Tafadhali usizipange upya barua hizo, kwa maana mpangilio wa kaka yako nao ni ushahidi: ankara iliyokaa nyuma ya barua fulani huenda ndiyo inayoieleza. Ondoa pini zilizoshika kutu, usizibandike plastiki, na uliinue sanduku kutoka sakafuni, kwani mchwa na unyevu wa pwani yetu haviachi karatasi. Kisha iandikie Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ukieleza duka lilikuwa wapi, lilifanya kazi miaka ipi na sanduku lina nini, kabla hujampa mtu yeyote hata barua moja.