Maswali na majibu: kula kwenye migahawa ya majengo ya maduka Japani

Ghorofa ya migahawa ndani ya jengo la maduka ndiko wageni wengi wanakoanzia kula nje wakiwa Japani. Kuna kiyoyozi, kuna choo safi, kuna viti vya watoto, na vyakula vya mfano vya plastiki vimepangwa dirishani vikiwa na bei zake. Maswali haya yametoka kwa wanafunzi, wazazi, na wafanyabiashara wanaokwenda huko kwenye minada ya magari yaliyotumika.

Tulikaa kwenye viti vya nje tukisubiri zaidi ya nusu saa. Waliokuja nyuma yetu wakaitwa, sisi tukaachwa. Tatizo nini?

Hamkujiandikisha. Kukaa kwenye vile viti hakukuweki kwenye foleni. Mlangoni kuna mashine ya namba, au meza ndogo yenye karatasi na kalamu. Kwenye mashine unagusa idadi ya watu wazima, idadi ya watoto, kisha unachagua meza au kaunta. Ukichagua "dochira demo", yaani popote, mara nyingi unaitwa mapema. Kama ni karatasi, andika jina fupi: Juma na Asha watalisoma, Mwanakombo litamtoa mhudumu jasho. Namba ikiitwa nawe umeenda kuangalia viatu, wanakuruka. Jumamosi na Jumapili fika kabla ya saa tano na nusu mchana au baada ya saa nane. Usiku angalia saa ya oda ya mwisho: mgahawa unaofungwa saa nne usiku huacha kupokea oda kati ya saa tatu na saa tatu na nusu.

Kwenye mgahawa wa sushi ya mkanda, ambako vitonge vya wali vyenye samaki juu huzunguka kwenye mkanda kupita mezani, ninaruhusiwa kuchukua sahani yoyote inayopita?

Inategemea mgahawa. Mkanda wenyewe ulianza mwaka 1958 huko Higashi-Osaka, Shiraishi Yoshiaki alipofungua mgahawa wa Genroku baada ya kuona chupa za bia zikisafiri kiwandani. Kwa miaka mingi chakula kilizunguka tu na kila mtu akajichukulia. Januari 2023 ilisambaa video ya kijana akilamba chupa ya sosi ya soya mezani, na kampuni nyingi zikaacha kuzungusha sahani ambazo hazijaagizwa. Leo kwenye migahawa mingi unagusa skrini, chakula kinakuja juu ya kibebeo kwenye njia yake ya juu moja kwa moja hadi mezani kwako, na skrini inalia kukujulisha.

Sahani zikifika, toa zote, halafu bonyeza kitufe cha kurudisha kibebeo. Usipobonyeza, oda ya jirani yako inakwama nyuma. Pale ambapo mkanda wa zamani bado unazunguka, sahani iliyo juu ya kikalio cha rangi au chenye namba ni oda ya mtu, iache ipite. Na ukishagusa sahani, ni yako. Usiirudishe hata kama umekosea.

Sahani moja kwa kawaida ina vipande viwili. Za bei ya chini huwa kati ya yeni 120 na 150 hivi, nyingine hupanda hadi 300 na zaidi. Mtu mwenye njaa ya kawaida hushiba kwa sahani nane hadi kumi na mbili. Agiza tatu tatu, maana wali ukikaa unakauka juu na jodari anapoteza rangi.

Yale mambo madogo mezani: unga wa kijani kwenye kopo ni chai. Tia kijiko kimoja kidogo kwenye kikombe, kisha sukuma kikombe kwenye bomba la hapo mezani. Maji yanayotoka ni ya moto kweli kweli, na kila mara kuna mgeni anayedhani ni ya kunawa mikono. Wengine huukoroga unga huohuo kwenye sosi wakidhani ni wasabi, kile kiungo kikali cha kijani. Wasabi siku hizi huja kwenye vipakiti, kwa sababu migahawa mingi ya mkanda hutengeneza sushi bila kuipaka. Unapochovya, geuza kipande ili samaki ndiye aguse sosi. Ukichovya wali unanyonya chumvi yote na kusambaratika. Kula kwa mkono ni sawa kabisa.

Mimi ni Mwislamu. Nikiagiza samaki na mboga tu, niko salama?

Hapana, si lazima. Nguruwe na pombe mara nyingi havionekani kwenye picha ya menyu.

Anza na mirini, kiungo kitamu cha kupikia. Mirini halisi ina kilevi cha takriban asilimia 14, nayo inaingia kwenye sosi ya teriyaki, kwenye mchuzi wa tambi za udoni na soba, kwenye bakuli la kuku na yai juu ya wali, kwenye sosi ya mkunga wa kuchoma, na mara nyingi kwenye yai la kukaanga la sushi. Sake, yaani pombe ya mchele, hutumika kuondoa shombo la samaki. Siki ya wali wa sushi nayo huweza kuwa imeongezwa kilevi. Sosi ya soya iliyochachushwa huwa na kilevi kidogo kinachojitokeza chenyewe. Wanazuoni wanatofautiana juu ya hili, fuata unayemwamini.

Nguruwe naye ana maficho yake. Supu nyeupe nzito ya rameni (tambi za supu) iitwayo tonkotsu ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa saa nyingi. Mandazi madogo ya gyoza karibu yote yana nyama yake. Kari ya Kijapani, hata iliyoandikwa ya ng'ombe, mara nyingi huanzia kwenye vitofali vyenye mafuta ya nguruwe. Na kwenye mgahawa wa vyakula vya kukaanga, kamba wako huenda akaingia kwenye mafuta yaleyale yaliyotoka kukaanga nyama ya nguruwe.

Kusema tu "sili nyama" hakutoshi, kwa kuwa mpishi huenda asihesabu vipande vya bekoni au mchuzi wa mifupa kuwa ni nyama. Uliza kitu kwa jina: "Butaniku wa haitte imasu ka?", je, kuna nyama ya nguruwe? Halafu rudia swali hilohilo kwa "mirin" na "osake". Kwenye menyu tafuta herufi 豚, ni nguruwe, na 酒, ni pombe. Migahawa ya kampuni kubwa huwa na jedwali la viambato na vizio (vitu vinavyoleta mzio), omba uonyeshwe. Cha kuagiza kwa wasiwasi mdogo ni vipande vya samaki mbichi bila wali, au samaki wa kuchoma kwa chumvi baada ya kuuliza kama amenyunyiziwa sake. Kama unataka uhakika kamili, tafuta jengo lenye mgahawa wenye cheti cha halali. Vyeti vipo, ila si kila mji.

Kwa wasiokula samaki kabisa: mchuzi wa dashi, ambao kwa kawaida hutengenezwa kwa samaki aliyekaushwa na mwani, umo hata kwenye supu ya miso (rojo ya soya iliyochachushwa) iliyojaa tofu, yaani jibini ya soya.

Mke wangu ni mjamzito na anapenda sushi. Mbichi ina hatari gani?

Ziko tatu za kuangalia. Ya kwanza ni minyoo ya anisakis, inayopenda samaki kama kibua, na ngisi pia. Siki na wasabi haviiui, ingawa wengi huamini hivyo. Inakufa kwa kugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi, au kwa kupikwa. Samaki wengi wa migahawa ya mkanda wamepitia barafu, jambo ambalo wapenda sushi hulalamikia lakini linakulinda. Maumivu makali ya tumbo saa chache baada ya kula ni ya kwenda hospitali.

Ya pili ni zebaki. Wizara ya Afya ya Japani inawashauri wajawazito wasizidishe takriban gramu 80 kwa wiki za jodari wakubwa aina ya kuromaguro na mebachi. Kipande kimoja cha sushi kina samaki wa gramu 15 hivi, kwa hiyo ni vipande vitano. Menyu ikisema "maguro", yaani jodari, tu bila aina, mhesabu kama mebachi. Ya tatu ni bakteria kama listeria, ambao kugandisha hakuwaui. Ndiyo maana ushauri wetu ni aagize vilivyopikwa: kamba wa kuchemsha, mkunga wa kuchoma, udoni wa moto.

Bili inalipwaje, na bahshishi niache kiasi gani?

Bahshishi usiache, watakukimbilia nayo hadi kwenye ngazi za umeme. Bonyeza "okaikei", yaani bili, kwenye skrini, au chukua karatasi ya bili iliyo mezani, ukalipe kwa mashine au keshia aliye mlangoni. Kama anayepokea ni mtu, weka pesa kwenye kisahani kilicho mbele yake. Angalia bei ipi unayosoma: 税抜 ni kabla ya kodi, 税込 ni pamoja na kodi. Kodi ni asilimia 10 ukila hapohapo, asilimia 8 ukibeba. Yeni 980 kabla ya kodi inakuwa 1,078.

Kwenye ukumbi wa pamoja wa vyakula hakuna mhudumu. Nifanye nini?

Weka mtu ashike meza kwanza, hasa mwisho wa wiki. Nenda kibandani, agiza na ulipe, upewe kidude kinachotetemeka na kulia chakula kikiwa tayari. Maji na karatasi za kupangusia ni bure, jichotee. Ukimaliza, rudisha trei kwenye dirisha la kibanda kilekile, na upanguse meza.

Rameni ikiitwa, ifuate upesi, tambi nyembamba hulainika kupita kiasi ndani ya dakika chache. Na takoyaki, zile tufe zenye kipande cha pweza, wala usitumbukize nzima mdomoni: nje imepoa, ndani ni uji unaochemka. Itoboe kwa kijiti itoe mvuke. Wapwani watafurahi kujua kwamba pweza mwingi anayeingizwa Japani hutoka Afrika, hasa Mauritania na Morocco.

Naweza kufungiwa kilichobaki?

Mara nyingi watakataa kwa upole, hasa kama kuna kibichi, kwa hofu ya sumu ya chakula, na hasa wakati wa joto. Omba wali mdogo wakati wa kuagiza: "gohan sukuname". Kama unajua utabeba, agiza cha kubeba tangu mwanzo, na kodi inashuka.