Majaji wanatafuta nini kwenye picha ya mtaani?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu mashindano ya picha za mtaani kwa wapigapicha wa ridhaa, yaani watu wenye kazi zao nyingine wanaotoka na kamera Jumamosi. Zinazofanana nimeziunganisha.

Shikamoo mwalimu. Nilituma picha ya babu muuza kahawa, nyeusi na nyeupe, mikunjo yote ya uso inaonekana. Marafiki waliisifu mno, lakini haikupita hata mchujo wa kwanza. Tatizo nini? (Tanga)

Marahaba. Picha uliyoambatanisha nimeitazama. Uso umetulia, macho yana uhai, ila dele la kahawa umelikata nusu, na pembeni kulia kuna sikio la kijana ambaye hatujui alikuwa anafanya nini. Hapo ndipo penye jambo. Ulichotuma ni picha ya sura, na mwenyewe akipewa ataitundika sebuleni kwa furaha. Shindano la mtaani linauliza swali lingine: kati ya babu na mtaa palikuwa na nini? Wateja, vikombe, makaa, yule kijana mwenye sikio, wote umewaacha nje.

Majaji wameshaona wazee wenye mikunjo mpaka basi. Wameshaona pia watoto wanaochekea kamera na ombaomba waliolala barazani. Picha ya ombaomba mimi naipita haraka, tena kwa hasira kidogo: aliyelala hakuombwa ruhusa, na mpigapicha hakutoa jasho.

Itafute picha ya Mfaransa Henri Cartier-Bresson ya mwaka 1932, nyuma ya kituo cha treni cha Saint-Lazare, Paris. Mwanamume anaruka dimbwi, kisigino bado hakijagusa maji. Wengi wanaishia kumsifia kwa kuwahi. Sasa tazama ukutani nyuma yake: pana bango la mcheza dansi naye yuko hewani, ameruka kuelekea upande wa pili. Na chini, maji yanamrudia mrukaji kichwa chini. Ondoa bango, unabaki na mtu mwenye haraka zake. Picha za mtaani zinazoshinda nyingi ziko hivyo, vitu viwili visivyojuana vimekutana ndani ya fremu moja.

Kwa hiyo rudi kwa babu. Ameshakuzoea, hatajikaza tena. Sogea nyuma hatua tatu, dele liingie zima, kisha subiri mkono wa mteja ufike kwenye kikombe. Mikono ya wanywa kahawa ina maneno mengi kuliko nyuso zao.

Nina simu ya kawaida tu. Nitawaweza wenye kamera za mamilioni? (Temeke)

Utawaweza, hasa mtaani, kwa sababu ukinyanyua simu hakuna anayegeuka. Zingatia mambo matatu. Usivute kwa vidole, tembea umkaribie mtu. Futa kioo cha lenzi kabla ya kupiga, maana mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ule ukungu kwenye taa. Na usimrushie mtu picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida ili akutumie kwenye shindano, kwani inabanwa na kupoteza ubora. Itume kama dokumenti.

Saa ngapi ni nzuri Kariakoo? Nikitoka mchana picha zangu zote zinakuwa na macho meusi. (Ilala)

Saa moja hadi saa tatu asubuhi, halafu tena kuanzia saa kumi jioni. Mchana jua linakaa juu ya kichwa na paji la uso linafunika macho. Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi na kwenye Oktoba, linapita utosini kabisa. Ukilazimika kutoka saa sita, acha nyuso, fuata vivuli: miavuli ya wamachinga ukiitazama kutoka ghorofani, mistari ya nguzo barabarani, mtu anayechomoka gizani chini ya kibaraza. Mji Mkongwe wa Zanzibar ni habari nyingine, kwani kuta nyeupe za vichochoro zinaurudisha mwanga mpaka chini hata jua likiwa kali.

Mimi ni mwanamke, napiga picha Marikiti, Mombasa. Lazima nimwombe ruhusa kila mtu? Na sheria inasemaje? (Mombasa)

Dada yangu, mimi si wakili, lakini upepo umegeuka na ni vyema ujue. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi ambazo wazazi hawakuziridhia. Hao walikuwa wanajitangazia biashara, wewe unashindana, lakini mtu aliyeona uso wake mahali asipopataka hatajali tofauti hiyo.

Desturi yangu ni kupiga kwanza, kisha nainua kichwa, natabasamu, namwonyesha. Akikataa, nafuta mbele yake. Watoto siwapigi kabla mzazi hajakubali. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na bandari kaa navyo mbali. Na wewe una mlango ambao sisi wanaume hatuna: pale wanapouza viungo na kanga, akina mama watakukaribisha ukae nao. Kaa. Picha zitakuja wakishaacha kukuangalia.

Nikifuta mfuko wa plastiki uliochafua pembe ya picha, nani atajua? (Nakuru)

Waandaaji, wakikuomba faili ghafi, yaani picha kama ilivyotoka kwenye kamera. Mwaka 2010 shindano la picha za habari la World Press Photo lilimnyang'anya mpigapicha Stepan Rudik zawadi kwa picha zake za mapigano ya mtaani Kyiv. Alikuwa ameikata moja sana na kuigeuza nyeusi na nyeupe, na hayo hayakuwa kosa. Kosa lilikuwa kufuta kipande cha mguu wa mtu kilichotokeza nyuma ya mkono. Kwa hiyo kata pembe, punguza mwanga, lakini usiondoe wala kuongeza kitu, ila pale kanuni zinaposema wazi kuwa ruksa. Picha zilizotengenezwa na akili mnemba ndiyo usiguse kabisa. Mwaka 2023 mpigapicha Mjerumani Boris Eldagsen aliingiza moja kwenye shindano la Sony World Photography Awards, ikashinda kitengo chake, akaikataa zawadi mwenyewe ili kuzusha mjadala. Tangu hapo waandaaji wamekuwa wakali.

Nina picha mia nne za soko la Gikomba na shindano linataka moja. (Nairobi)

Ziache kwanza. Garry Winogrand, mpigapicha wa mtaani wa Marekani, alikuwa akiweka filamu zake kwa muda mrefu kabla ya kuzisafisha, ili asichague kwa furaha ya siku ile. (Usimwige kupita kiasi: alipofariki mwaka 1984 aliacha roli zipatazo 2,500 hazijasafishwa.) Wiki mbili zinakutosha. Kisha zitazame zikiwa ndogo kama stempu, na isiyoeleweka kwa udogo huo itoe. Zikibaki chache, mwite mtu ambaye hakuwepo Gikomba, umwonyeshe bila kumweleza chochote. Ukijikuta unaanza "unajua hapa ilikuwa hivi…", hiyo siyo.

Nimepewa "sifa maalumu" bila hata senti. Ina faida gani? (Mwanza)

Hongera, na usiidharau. Iandike kwenye wasifu wako pamoja na jina la shindano na mwaka. Mhariri anayetafuta mpigapicha wa Mwanza anaanzia kwenye orodha kama hizo. Lakini rudi usome kanuni ulizokubali, hasa sehemu ya hakimiliki. Shindano la heshima linaomba kuitumia picha kujitangaza lenyewe tu, na picha inabaki yako. Likidai haki zote milele, hapo umetoa picha bure. Na kama uliombwa ada kubwa ya kuingia, halafu "sifa maalumu" wakapewa mamia ya watu, waulize cheti kinauzwa bei gani. Nadhani tayari wameshakutumia bei yake.